Breki za Bi Mkubwa

Jumapili, 3 Agosti

Daktari kasema presha imepanda. Dawa yake: nipunguze chumvi, nipunguze kubishana na shemeji, na kila siku niandike mambo ninayoyashukuru. Chumvi nimepunguza.

Daftari nimepewa na mke wangu. Yeye ni fundi cherehani, na hili lilikuwa daftari lake la vipimo. Ukurasa wa kwanza bado umeandikwa: kifua 44, kiuno 46, mteja hapendi kubanwa. Simjui huyo mteja lakini namwelewa.

Haya. Nashukuru nina likizo ya wiki nzima. Mimi ni karani wa ghala la vitabu vya shule, na vitabu havijawahi kumtoroka mtu. Nashukuru kwa chakula cha mchana nyumbani kwa baba mkwe, kule juu kabisa ya mteremko. Kwa kilichofuata nashukuru kidogo tu.

Mzee anatimiza miaka themanini Jumamosi. Akaulizwa anataka zawadi gani. Hataki shati. Hataki redio. Anataka kuteremka kutoka kwake hadi kwetu ndani ya gari lake la zamani, amekaa kiti cha mbele, mara moja tu, kabla macho yake hayajazima kabisa. Alilinunua likiwa jipya, akalitengeneza mwenyewe miaka yote, na macho yalipoanza kufifia akatuachia sisi. Limemzidi mke wangu miaka miwili. Ndiyo maana mke wangu analiita Bi Mkubwa, na akinikuta nalifuta vioo huniuliza zamu yake yeye ni lini.

Shida ni breki. Kanyagio linazama hadi sakafuni, na huko chini chuma kinakwaruza chuma. Shemeji, kaka yake mke wangu, akasema basi atamleta Mzee kwa gari lake jipya, lenye kiyoyozi. Hapo nikasikia sauti ikisema kwamba breki nitazitengeneza mimi, nyumbani, kwa mikono yangu, bila fundi yeyote. Sauti ilikuwa yangu.

Shemeji akapaliwa na maji. Mzee, fundi magari wa miaka hamsini, akaniuliza kama najua kiatu cha breki kinaangalia wapi. Nikasema najua. (Kinaangalia wapi?) Akaingia ndani, akatoka na kopo la bati lenye kanda nane mpya za breki na ribiti za shaba, vile vipini vya kugongea kanda kwenye kiatu, akiba yake ya siku nyingi. Kisha akatoa mfukoni kipigio chake cha ribiti, kipande cha chuma cha urefu wa kidole, kinang'aa kwa kushikwa. Akakitazama. Akanitazama mimi. Akakirudisha mfukoni.

Akamalizia kwa upole kabisa. Jumamosi Bi Mkubwa asipoweza kuteremka, ahamie kwa shemeji, kwenye banda zuri na fundi wa kuaminika. Shemeji akasema yeye hana haraka. Uso wake ulikuwa na haraka.

Njiani mke wangu akasema angeweza kunisaidia. Nikamwambia apumzike, kazi hii ina uzito wake. Akasema sawa, mume wangu. Nashukuru nimepata mke asiyebisha.

Jumatatu, 4 Agosti

Saa tatu asubuhi: Bi Mkubwa juu ya jeki, mawe nyuma ya magurudumu, mimi ndani ya ovaroli. Ovaroli inanibana kiunoni. Nimemkumbuka yule mteja.

Magurudumu ya mbele yametoka bila ubishi. Ngoma zimekataa. Ngoma ni lile bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu. Nimegonga. Nimesihi. Nimegonga tena. Saa tano na nusu ngoma ya kwanza ikaachia ghafla, nikakaa chini bila kupanga, nayo ikanikalia mapajani. Nashukuru kwa ovaroli nene.

Ndani nimeona viatu vyenyewe. Ni vyuma viwili vilivyopinda, kila kimoja kimevaa ukanda mgumu uliofungwa kwa ribiti. Ukikanyaga breki vinatanuka, ukanda unasugua ngoma, gari linasimama. Kanda za Bi Mkubwa zimelika hadi ribiti zimechungulia. Tumekuwa tukisimama kwa kudra za Mungu tu. Nimeshukuru hapo hapo, nimepiga magoti tayari.

Mke wangu akatoka na ndoo ya maji na kitambaa. Akasema vumbi la ndani ya ngoma ni baya kwa kifua, lilowanishwe, lisipulizwe, nami nijifunge pua. Nikamuuliza kajuaje. Akasema amekulia humo. Kisha akashauri nifungue upande mmoja tu kwanza, wa pili niuache mzima wa kuigia. Nikamwambia kichwa changu kinakumbuka mahali pa vitabu elfu kumi na moja. Akasema sawa.

Nikafungua pande zote mbili kwa pamoja, kuokoa muda.

Springi ya kwanza ilitoka ikapaa juu ya ukuta hadi kwa jirani. Ikatua ndani ya beseni la nguo zake. Jirani ni mama mtulivu, muuguzi mstaafu. Akairudisha kwa vidole viwili, akauliza kama kuna nyingine zinakuja ili aanue. Nikamwambia hiyo ni ya mwisho. Zilikuja nne.

Nilitaka kukata kipande cha kitambaa nijifunge pua, nikachukua mkasi wa mke wangu. Haukati! Umetafuna kitambaa kama mbuzi. Nikasahau kwamba yeye ni mashoto na mkasi wake umetengenezwa kwa mkono wa kushoto. Akanikatia yeye, mara moja, bila kuangalia. Nashukuru kwa mikono yote miwili ya mke wangu.

Jumanne, 5 Agosti

Leo ni ribiti. Kanda za zamani nimezing'oa vizuri. Nimejisifu kwa sauti. Hakuna aliyepinga, nilikuwa peke yangu.

Kuvalisha ukanda mpya si kazi ngumu kama wanavyojidai mafundi. Kiatu kina matundu, ukanda una matundu, unapitisha ribiti, unagonga. Nimeanza na ncha hii, nikaenda ncha ile, ili ukanda usinikimbie. Nilipofika katikati nikakuta umeinuka. Umevimba kama mkate. Nikaubonyeza kwa dole gumba, unateremka, nikiachia, unapanda. Nimefikiri sana. Nimekata kauli kwamba uvimbe ni faida: utawahi kugusa ngoma, kwa hiyo gari litawahi kusimama.

Fundi wa kona alikuwa anapita. Huyu ndiye fundi breki wa mtaa, na hatujaelewana tangu siku aliponiona nikitafuta kifuniko cha mafuta nikiwa nimekishika. Akainama juu ya geti. Akasema, "Bwana mkubwa, unaanzia katikati, unatoka nje. Ukianza na ncha ukanda unavimba." Nikamshukuru, nikamwambia kwetu sisi tunaanzia nje. Akauliza kwetu ni wapi. Nikaingia ndani kunywa maji.

Nilivyorudi nikaukomoa ule uvimbe kwa nyundo. Ka! Ukanda umepasuka vipande viwili.

Zimebaki nne kwenye kopo, lakini hizo ni za magurudumu ya nyuma, na Mzee amezihesabu, namjua. Nikapata wazo. Gundi! Gundi kali kuliko zote niliyonayo, ile iliyoshika mguu wa kabati miaka sita. Nikapaka, nikaunganisha vipande, na kwa kuwa gundi hupenda joto na uzito, nikavilaza chini ya pasi ya mke wangu, moto wa kati. Nusu saa. Harufu ilifika kwa jirani, akafunga madirisha bila kuuliza.

Ukanda umeshika! Pasi nayo imepata doa jeusi chini. Nimelikwangua. Sehemu kubwa imetoka. Sehemu ndogo imetokea baadaye kwenye kola ya sare ya shule, nyeupe, ya mteja.

Mke wangu aliitazama kola muda mrefu. Akaitazama pasi. Akanitazama mimi. Akaingia chumba cha kushonea, nikasikia cherehani ikikimbia kwa kasi nisiyoizoea. Ana sare thelathini za kukabidhi Jumatatu ijayo. Nashukuru hasira yake huishia miguuni.

Jumatano, 6 Agosti

Nimefunga kila kitu! Viatu vinne, springi zote, ngoma zote, magurudumu yote. Imebaki springi moja.

Nimetafakari. Watengenezaji wa zamani walikuwa waangalifu, bila shaka waliweka ya akiba. Nimeitumbukiza kwenye bakuli la sukari ili isipotee. Mke wangu kaikuta akichota sukari ya chai, akauliza. Nikamwambia ni ya akiba. Akarudia, taratibu: ya akiba? Kisha akanywa chai bila sukari.

Jambo moja liliniumiza kichwa, viatu vinaangalia wapi. Kila gurudumu lina kiatu cha mbele na cha nyuma, na havifanani sana. Vilipotoka nilivipanga vizuri kwenye gazeti, halafu nikalihitaji gazeti. Basi nimevifunga kwa haki: upande wa kulia kirefu mbele, upande wa kushoto kirefu nyuma. Kila kiatu kimepata nafasi yake.

Saa kumi jioni, jaribio la kwanza, uani. Nimewasha, nimesogea hatua sita, nimekanyaga. Mungu wangu! Mlio! Sijawahi kusikia kitu kikilia vile. Kuku wa jirani wamepanda mti. Shemeji akapiga simu dakika tatu baadaye, sijui nani kampa habari, kuuliza kama tumechinja na kama amewekewa fungu.

Lakini alisimama. Alilia, lakini alisimama. Nikaenda ndani kuwaza. Kitu kinacholia kinataka mafuta, mlango, kitanda, baiskeli, vyote ni hivyo hivyo. Na mafuta yapo: kichupa cha cherehani cha mke wangu, mafuta mepesi, safi, yana mdomo mwembamba unaofika popote. Nimeingiza ule mdomo kwenye kitundu cha nyuma ya ngoma. Kulia, kushoto. Nikamaliza chupa, nisije nikaonekana bahili.

Nikajaribu tena uani, polepole. Kimya! Hata mnong'ono hakuna. Mwendo ulikuwa mdogo kiasi kwamba alisimama mwenyewe kwenye kokoto. Nashukuru, nashukuru, nashukuru. Nimempigia baba mkwe kumwambia kazi imekwisha. Akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake kwamba alikuwa amekwishakata tamaa. Akasema asante, mwanangu. Miaka ishirini na nne nimeoa kwake, leo ndiyo mara ya kwanza kuniita mwanangu.

Sina usingizi usiku huu. Nina furaha mno.

Alhamisi, 7 Agosti

Nashukuru kwa lundo la mchanga.

Nieleze. Saa mbili na robo nilimtoa Bi Mkubwa barabarani. Jirani anajenga chumba cha uani, kwa hiyo mbele ya geti lake pana lundo la mchanga laini. Mke wangu alikuwa mlangoni na kikombe. Fundi wa kona alikuwa kwenye kona, kama kawaida yake. Nikawapungia wote wawili. Nikaongeza mwendo kidogo ili waone. Nikakanyaga breki.

Hakuna kitu. Kanyagio lilikuwa gumu, zuri, la kuridhisha, na gari liliendelea na safari zake. Nikakanyaga kwa miguu miwili. Nikamwita mama yangu, aliyefariki. Nikakata kona kwa jirani, na Bi Mkubwa akaingia kwenye mchanga hadi taa za mbele, akasita, akazimika. Mchanga ukamwagika juu ya vioo kama pazia.

Hakuna aliyeumia. Nimeiandika peke yake ili niione vizuri. Hakuna aliyeumia.

Jirani akatoka, akanipima mapigo ya moyo kabla ya kuangalia mchanga wake. Fundi wa kona akaleta kamba na kumvuta Bi Mkubwa hadi uani. Alinisalimia vizuri kabisa, na huo ndio ulikuwa ukatili wake. Shemeji alitokea wakati huo huo, eti alikuwa anapita. Akapiga picha. Akanigusa bega na kusema kesho kutwa atakuja na gari lake saa nne kumchukua Mzee, nisiwe na wasiwasi, na Bi Mkubwa atakokotwa jioni.

Niliingia ndani nikakaa kitandani na ovaroli. Niseme ukweli, nililia. Si kwa ajili ya gari. Mzee aliniita mwanangu, nami ningemteremsha mlimani kwenye breki hizi. Ningemuua, na mtoto wake akiwa kiti cha nyuma.

Dirishani nilimwona mke wangu akichutama kando ya gurudumu. Akanusa. Akaenda kwenye chumba cha kushonea, akarudi na kichupa cha mafuta, akakipindua. Hata tone. Basi akaanza kucheka. Alicheka hadi akakaa chini uani, na kitenge chake chote, huku machozi yanamtoka. Sijui alichoona. Lakini nilipomsikia akicheka nilivua ovaroli, na kwa hilo nashukuru.

Mchana akaja kunikalia pembeni. Akasema nimechoka, nahitaji hewa. Akaniomba kesho niende kwenye soko la vifaa vya kushonea, lile la ng'ambo ya mji, nimtafutie kifungo chenye matundu matano. Mteja wake mmoja hataki kingine. Nisirudi bila kukitafuta duka kwa duka. Nikamuuliza na breki je? Akasema breki ziachwe zitulie kwanza.

Ijumaa, 8 Agosti

Hakuna kifungo chenye matundu matano.

Nimeuliza maduka kumi na tisa. Matundu mawili yapo. Manne yapo, rangi zote. Muuza vifungo mmoja, mzee mwenye miwani mbili, moja puani na moja kichwani, aliniuliza uzi wa tundu la tano ungeenda wapi. Nikaenda duka lingine. Wa duka la kumi na mbili alinipa kiti, akaniuliza nimeoa miaka mingapi. Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akanipa na maji baridi. Nashukuru kwa wema wa wauza vifungo.

Nimerudi saa tisa na nusu. Bi Mkubwa amesimama kwa magurudumu yake manne, ameoshwa mchanga. Mke wangu alikuwa bombani anasugua mikono kwa sabuni ya unga, mikono myeusi hadi viwiko. Akasema alikuwa anasafisha masufuria. Kwenye magoti ya kitenge chake kuna duara mbili za grisi. Masufuria yetu yana hali mbaya kuliko nilivyodhani. Kidole gumba cha kulia amekifunga bandeji. Hakuniuliza habari za kifungo.

Nikamwambia kwa unyonge kwamba nampigia Mzee kumwambia ukweli. Akasema kabla ya kupiga, nijaribu mara moja, uani, taratibu. Nikakataa. Akapanda kiti cha mbele, akafunga mlango, akasema haya, twende.

Bi Mkubwa alisimama! Amesimama kama mtu anayekaa kwenye kiti chake mwenyewe. Hakuna mlio, hakuna kuvuta upande. Nikatoka barabarani kwa mwendo wa mtu anayekwenda msibani. Akasimama. Nikaongeza. Akasimama. Mke wangu akasema nikanyage taratibu mara kumi, kumi na tano, viatu vizoeane na ngoma. Fundi wa kona alitoka akatutazama tukipita na kurudi, akavua kofia. Nami nikampungia. Bila shaka ananivulia mimi.

Nimeelewa kilichotokea. Mafuta yamekauka! Yalihitaji siku moja ya kutulia, kama mke wangu alivyosema bila kujua. Kazi yangu ilikuwa sahihi tangu mwanzo, sema niliikimbiza. Hata ile springi ya akiba haimo tena kwenye sukari. Mke wangu atakuwa ameiweka mahali pazuri. Lile kopo la Mzee pia ni tupu, naona amelisafisha.

Nimempigia shemeji kumwambia asijisumbue. Presha nimejipima kwa jirani, imeshuka. Nashukuru kwa subira niliyojaliwa.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika polepole, maana leo nataka niikumbuke yote.

Saa nne tulikuwa juu kwa Mzee. Amevaa koti jeusi na viatu vilivyopigwa rangi. Aligusa mlango wa Bi Mkubwa kabla ya kuufungua, akapapasa boneti, taa, kioo. Akaketi mbele. Mke wangu nyuma. Shemeji nyuma yetu na gari lake jipya, kiyoyozi kimewaka, simu mkononi kwa ajili ya picha nyingine.

Tukaanza kuteremka. Mteremko ule ukiwa na breki ni barabara. Ukiwa huna ni kitu kingine. Nikakanyaga kabla ya kona. Akapunguza mwendo. Kona ya pili, akapunguza. Mzee alikuwa amefumba macho na kutega sikio. Akasema simama. Pale pale katikati ya mteremko, bila sababu. Nikasimama. Akasema nenda. Akasema simama tena. Shemeji nyuma akapiga honi. Mzee akasema apige hadi achoke, leo ni siku yake yeye Mzee. Tumesimama mara tano, akicheka mara zote. Nikamwambia ni kazi ya mikono yangu. Akasema ehe.

Nyumbani hakutaka kuingia ndani. Akaomba gurudumu la mbele litolewe, na ngoma. Na koti lake jeusi hivyo hivyo! Fundi wa kona, aliyekuja bila kualikwa, akalitoa haraka. Mzee akaketi kwenye kigoda na kupitisha vidole juu ya ukanda, ribiti kwa ribiti, kama mtu anayesoma. Akasema zimeanzia katikati. Nikaanza kueleza kwamba kwetu sisi... Akasema kila kichwa cha ribiti kimezama kina kimoja. Halafu akasema vyote vimelala kidogo sana upande mmoja. Akaniuliza nyundo naishika mkono gani.

Nikasema wa kulia.

Mzee akainua uso akatafuta, maana haoni mbali, hadi mke wangu akaja mbele yake mwenyewe. Akamshika mkono wa kushoto. Akashika na wa kulia, akahisi bandeji kwenye kile kidole gumba kilichokuwa kimeshika ribiti.

Kumbe! Kumbe masufuria! Kumbe kifungo!

Ndipo Mzee akasema jambo ambalo hata shemeji hakuwa analijua. Zamani, mke wangu akiwa na miaka kumi, alikuwa akitoka shule anakwenda karakana, na yeye ndiye aliyekuwa anagonga ribiti za viatu vya breki, miaka minne mfululizo. Mji mzima ulisifu breki za Mzee. Watu walileta magari kutoka mbali. Mzee aliitikia asante. "Sifa zako zote nilizipokea mimi," akamwambia, "na sikukupa hata moja." Akatoa mfukoni kile kipigio, akakiweka kwenye kiganja cha kushoto cha mwanawe, akamkunjia vidole. Akasema amechelewa miaka arobaini, amsamehe.

Mke wangu alilia. Mimi nililia. Jirani alilia juu ya ukuta. Fundi wa kona alijidai ana mchanga machoni, na mchanga kweli upo. Shemeji akaweka simu mfukoni, na sitamcheka, maana alifuta macho kwa tai.

Nikasimama mbele ya wote nikasema kweli. Nilisema nilianzia nje, nikapasua ukanda, nikaupiga pasi, na mafuta ya cherehani niliyatia mimi. Fundi wa kona aliomba nirudie hapo kwenye pasi. Mke wangu akaniambia polepole kwamba angenyamaza hadi kufa. Alitaka baba yake apande gari lake, basi, na kwamba ngoma zile zilizoganda nilizitoa mimi, hilo hakuna wa kuniondolea. Mzee akasema hata hivyo mwanangu ni mwanangu. Akaongeza na neno "pole".

Bi Mkubwa anabaki. Nashukuru kwa baba mkwe. Nashukuru kwa yule mtoto wa miaka kumi mwenye nyundo. Miaka ishirini na nne nimelala kando ya fundi breki, na kumbe nilikuwa namfundisha uzito wa kazi. Mke wangu, ukiwa unasoma hili daftari, na najua unasoma, asante. Sitagusa tena kitu nisichokijua.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeamka na shukrani nyingi hadi kifua kimejaa. Maneno hayatoshi. Asante kwa mdomo ni kitu chepesi, hata shemeji anacho.

Mke wangu ametoka saa tatu kumrudisha Mzee kwake. Ameendesha yeye. Nimewapungia hadi kona, na fundi wa kona akavua kofia tena, na safari hii nilijua ni ya nani.

Nikaingia chumba cha kushonea kukaa kidogo. Sare thelathini nyeupe zimepangwa vizuri, imebaki moja tu kola, zinakabidhiwa kesho asubuhi. Na pale katikati cherehani yake. Miaka ishirini haijawahi kuharibika. Miaka ishirini inamlisha kila mtu humu ndani, na hakuna aliyewahi kuifanyia kitu. Nikaona haya. Nilipozungusha gurudumu lake nikasikia kama mlio. Mdogo sana. Labda ilikuwa kiti.

Mafuta yake niliyamaliza mimi, kwa hiyo ni haki nimrudishie. Mepesi hayapo. Ipo grisi ya magurudumu, kopo zima, nzito, nyeusi, ya kudumu. Nimefungua upande wa sindano na upande wa chini kwa pamoja, kuokoa muda. Nimepaka kila mahali. Nimefunga. Haizunguki bado, lakini nimejifunza wiki hii kwamba vitu vinahitaji kutulia. Sare nne hivi zitahitaji kufuliwa.

Nashukuru kwa nafasi ya kumfanyia mke wangu jambo moja zuri, kimya kimya, bila kujisifu. Imebaki springi moja. Ndogo kuliko ile nyingine.

Natamani ningekuwa na muda wa kufikiri. Zamani Bi Mkubwa alikuwa akilia tangu kona, nasikia, najiandaa. Hii ndiyo kasoro pekee ya breki nzuri. Mlango wa mbele unafunguka sasa hivi, mke wangu huyo, na sikusikia gari likisimama. Springi nimeitia kwenye sukari.